Jaji aliyebaki peke yake



Wiki iliyopita niliandika hapa kwamba binti mmoja aliyesoma madrasa kwetu amepata nafasi ya kusomea sheria chuo kikuu, nikawaomba mumuombee dua. Wengi mliitikia amin, Allah awalipe. Lakini kijana mmoja aliniandikia, tena kwa adabu, akauliza: "Sheikh, unamuombea dua mtu anayekwenda kusoma sheria za makafiri? Si bora angebaki kwenye fiqhi?" Na chini yake nikaona watu wengi wamemuunga mkono.

Nimekaa na swali hilo siku nne. Sikutaka kulijibu kwa hasira, kwa sababu najua linatoka wapi. Linatoka kwenye ghera ya dini, na ghera ya dini ni kitu kizuri. Na aya za Suratul Maida kuhusu mwenye kuhukumu kwa asichokiteremsha Allah nazisoma kama mnavyozisoma nyinyi. Lakini leo nataka nikusimulie habari za mtu mmoja, ewe kijana wangu, halafu uniambie wewe mwenyewe ungependa awe alisoma nini. Habari ni ndefu kidogo. Kama una kazi sasa hivi, hifadhi usome baada ya Isha.

Mtu huyo anaitwa Syed Ameer Ali. Alizaliwa mwaka 1849 mji wa Cuttack, ambao zama hizo ulikuwa chini ya serikali ya Bengal, India ya Waingereza. Utoto wake aliupitisha pembezoni mwa mto Hooghly, karibu na Calcutta. Akasoma Kiarabu, Kifursi na Kiingereza, akaingia chuo cha Hooghly, akapata msaada wa serikali wa kwenda London, na mwaka 1873 akapokewa kuwa wakili huko. Akarudi Calcutta akafanya uwakili, akafundisha sheria ya Kiislamu chuoni, akawa hakimu wa jiji, kisha mwaka 1890 akateuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta. Alikaa kwenye kiti hicho miaka 14. Kabla yake Muislamu mmoja tu ndiye aliyefika ujaji wa Mahakama Kuu katika India nzima, Syed Mahmood wa Allahabad.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja mapema ili asije mtu akalileta kwenye maoni kama amefichua siri. Ameer Ali alikuwa Shia. Pia aliandika kitabu maarufu kwa Kiingereza cha kuutetea Uislamu mbele ya Wazungu, The Spirit of Islam, na ndani yake mna mahali ameeleza mambo ya Pepo kwa namna ambayo masheikh wetu hawaikubali, na mimi siikubali. Sikuletei itikadi yake uifuate. Nakuletea kazi yake ya mahakamani, na humo utaona alichokitetea ni kitu ambacho mimi na wewe, Mashafii wa pwani, tunakitetea vile vile.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe, nalo ni WAKFU.

Kile chuo cha Hooghly alichosoma Ameer Ali kilijengwa kwa mali ya wakfu. Alikuwepo tajiri mmoja akiitwa Haji Muhammad Mohsin, hakuoa, hakuwa na mtoto, na alirithi mali kubwa kutoka kwa dada yake. Mwaka 1806 akaandika hati akaiweka mali yake wakfu kwa ajili ya Allah. Akafariki 1812. Unajua kilichofuata? Wale wasimamizi waliopewa amana wakaanza kuitafuna. Ugomvi ukafika serikalini, Waingereza wakawaondoa wasimamizi na kuitia mkononi mali, na mwaka 1836 wakafungua chuo kwa pesa hizo. Chuo kizuri, lakini wanafunzi wengi mno hawakuwa Waislamu, na watoto wa Kiislamu waliokuwa wakifaidika na mali ya Haji Mohsin walikuwa wachache. Waislamu wakalalamika miaka na miaka. Ni mwaka 1873 tu ndipo fungu hilo lilipoelekezwa kwenye madrasa na kuwalipia ada wanafunzi wa Kiislamu.

Kwa hiyo Ameer Ali alikua anakijua kitu hiki kwa pande zake zote. Aliijua baraka yake, maana ilimsomesha. Aliujua uozo wake, maana hadithi ya wasimamizi walafi ilikuwa mlangoni kwao. Na baadaye, kwa miaka mingi, yeye mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Imambara ya Hooghly iliyo chini ya wakfu ule ule.

Lakini ule wa Haji Mohsin ni wakfu wa kheri za watu wote. Upo wakfu mwingine, ambao sisi tunauita wakfu wa dhuria. Mtu anasema: nyumba hii, au shamba hili, nimeliweka wakfu. Lisiuzwe, lisirithiwe, lisitolewe zawadi. Mapato yake wale watoto wangu, kisha wajukuu, kisha vitukuu, na kizazi kikikatika basi yawe ya mafukara. Wakfu wa namna hii umejaa katika umma wetu tangu zamani. Lamu upo, Mombasa upo, Unguja upo. Huenda nyumba unayosomea maneno haya ni katika hizo.

Asili yake inajulikana. Sayyidna Umar (r.a.) alipata ardhi Khaybar, akamuuliza Mtume (s.a.w.) aifanyeje, naye akamuelekeza aizuie ile asili na mapato yake yatolewe sadaka. Na katika waliotajwa kupata mapato yale, jamaa wa karibu wamo pamoja na mafukara, wasafiri na wageni. Abu Talha (r.a.) alipotaka kutoa bustani yake aipendayo kuliko zote, Bayruha, Mtume (s.a.w.) alimuelekeza kuwa anaona aiweke kwa jamaa zake, na Abu Talha akaigawa kwa jamaa zake na watoto wa ami yake. Az-Zubayr (r.a.) aliziweka nyumba zake wakfu, na katika sharti zake binti yake aliyeachika apate pa kukaa. Na hadithi ya kuwa dinari unayowalisha watu wa nyumbani kwako ndiyo yenye ujira mkubwa zaidi umeisikia mara mia juu ya mimbari. Basi kwa Muislamu, kumlisha mtoto wako ili asinyooshe mkono kwa watu ni ibada na ni sadaka. Ukimweleza hivyo mtu yeyote aliyepita madrasa atakuambia, ndiyo, kwani kuna ubishi?

Ubishi ulikuwepo, ndugu yangu. Ulikuwepo Calcutta, na waliokuwa wakibisha ndio waliokuwa wamekalia kiti cha hukumu.

Majaji wa Kiingereza walikuja na kipimo chao. Kwao, neno wanalolitumia kwa sadaka lina maana ya kuwapa watu wa nje: masikini, wagonjwa, shule, kanisa. Mtu akimpa mwanawe, hiyo kwao si sadaka, hiyo ni kupanga mali ya familia. Na sheria yao ina chuki ya zamani na mali inayofungwa milele isiuzike, kwa sababu makabaila wa kwao walikuwa wakifunga ardhi kwa hila ili isitoke mikononi mwa ukoo. Basi walipoletewa hati ya wakfu wa dhuria waliiangalia kwa jicho hilo hilo. Wakasema: huyu mtu amewapa watoto wake kila kitu, na masikini amewawekea ahadi ya siku ambayo ukoo mzima utakwisha, siku ambayo huenda isifike. Hii sadaka iko wapi? Hili ni jina tu.

Mwaka 1892 suala hili lilifika mbele ya jopo kamili la Mahakama Kuu ya Calcutta, katika kesi ya Bikani Mia na Shuk Lal Poddar. Majaji wakatoa hukumu: wakfu wa namna hiyo haufai. Ameer Ali akakataa. Akabaki peke yake upande wa pili, jaji mmoja dhidi ya wenzake wote.

Hapa naomba usimame kidogo na mimi. Angeweza kufanya nini? Angeweza kunyamaza akasaini na wenzake, akala mshahara wake. Angeweza kupiga kelele kwamba dini yetu inachezewa, akajiuzulu, watu wakamshangilia kwenye misikiti siku tatu kisha wakasahau. Yeye aliketi akaandika. Aliandika hukumu ndefu ya kutokubaliana, akaenda kwenye vitabu vya fiqhi, vya Kihanafi na vinginevyo, akaenda kwenye hadithi, akaonesha kwamba sadaka katika sheria ya Kiislamu si lile neno la Kiingereza, na kwamba ukitaka kumhukumu Muislamu kwa sheria yake ni lazima uitafute maana kwenye lugha ya sheria hiyo, si kwenye lugha yako. Tena alifanya hayo kwa Kiingereza cha mahakama, kwa utaratibu wa mahakama, akitaja kesi zilizotangulia moja baada ya nyingine, ili pasiwe na mtu wa kusema huyu mhubiri kapotea njia akaingia kortini.

Nani mwingine angeweza kuiandika hukumu ile? Maulamaa wa Bengal walikuwepo, na wengi wao walikuwa wajuzi wa fiqhi kumshinda yeye mara nyingi. Hapo hapo mahakamani walikuwa wamezoea zamani kuwa na maulana wa kuwaeleza majaji hukumu ya sharia, lakini kazi hiyo Waingereza waliifuta mwaka 1864. Baada ya hapo aliyejua fiqhi alikuwa nje ya ukumbi, na aliyekuwa ndani ya ukumbi alisoma fiqhi kwa tafsiri za Kiingereza za kitabu kimoja au viwili. Mlango ukafungwa katikati yao. Ameer Ali alikuwa na ufunguo wa pande zote mbili.

Naam, na bado alishindwa. Sitaki kukudanganya kwa kukusimulia hadithi ya ushindi. Mwaka 1894 kesi nyingine ya wakfu wa dhuria, ya Abul Fata, ilifika London, kwenye baraza la majaji lililokuwa mwisho wa rufaa kwa makoloni yote ya Uingereza. Ndugu wawili Waislamu walikuwa wameweka mali yao wakfu kwa vizazi vyao, na mwisho wake kwa wajane, mayatima na mafukara. Aliyeisoma hukumu ni Lord Hobhouse. Hoja za Ameer Ali zilikuwa mbele yao, wakazitaja, wakazikataa. Walisema wakfu ule haufai, kwa sababu fungu la masikini ni la mbali mno na halina uhakika. Na wakaongeza jambo ambalo mpaka leo likinijia nasikia moto kifuani: kwamba itakuwa ni kumdhulumu Mtume wetu kudhani kwamba alisifia utoaji ambao mtoaji hajinyimi chochote. Yaani waliketi London wakamtetea Mtume (s.a.w.) dhidi ya Sunna yake mwenyewe! Subhanallah.

Hukumu hiyo ikawa ndiyo sheria. Wakfu wa dhuria ukivunjwa maana yake nini? Maana yake ile nyumba inakuwa mali ya kawaida ya mirathi. Inagawanywa mafungu, mwenye fungu dogo anaweka rehani kwa mkopeshaji, akishindwa kulipa mkopeshaji anaingia, na kilichobaki kinauzwa mnadani. Nyumba iliyokusudiwa kuwasitiri wajane wa ukoo mpaka Kiyama inaweza kwisha kwa miaka kumi.

Nataka niwe muadilifu hapa. Majaji wale hawakuwa wakiota ndoto tupu. Walikuwepo Waislamu waliotumia jina la wakfu kuwakimbia wadai wao, na walikuwepo walioandika wakfu wa dhuria ili kuwanyima mabinti fungu ambalo Allah amewapa katika Suratun Nisaa. Mambo hayo yapo hata kwetu, tusijifanye malaika. Lakini dawa yake ipo ndani ya fiqhi: hati ichunguzwe, nia iangaliwe, deni lilipwe kwanza, na sharti la dhulma libatilishwe. Ukiona mtu mmoja ameiba kwa kanzu hupigi marufuku kanzu.

Baada ya hukumu ya London jambo halikuzikwa. Mashirika ya Waislamu wa India yaliandika barua na kukusanya saini. Ameer Ali, ambaye tangu 1877 alikuwa ameanzisha jumuiya yake ya kuwasemea Waislamu mbele ya serikali, aliendelea kuandika. Maulana Shibli Nomani, mwanachuoni mkubwa, akalichukua suala hili kwa upande wa maulamaa akazungukia wenzake. Na wakili mmoja kijana wa Bombay akaupeleka mswada kwenye baraza la kutunga sheria. Wakili huyo aliitwa Muhammad Ali Jinnah, ndiye yule wa Pakistan. Mwaka 1913 sheria ikapita. Ilisema nini? Ilisema Muislamu anaweza kuweka wakfu kwa ajili ya familia yake, watoto na vizazi vyake, maadamu mwisho wake ni mafukara au jambo la kheri la kudumu, na kwamba wakfu hautabatilika kwa sababu tu masikini watasubiri mpaka kizazi kikatike.

Ukiweka hukumu ya jaji aliyekataa mwaka 1892 pembeni ya sheria hii, utaona maneno yale yaliyotupwa na wenzake yamerudi yakiwa sheria ya nchi. Ilichukua miaka 21. Na hata hivyo sheria ile haikuzirudisha wakfu za kabla yake. Hilo lilirekebishwa mwaka 1930, na Ameer Ali alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1928.

Sasa utaniambia, Sheikh, hayo ni mambo ya Bengal, sisi yanatuhusu nini? Subiri.

Hukumu ya London ilikuwa haibagui bahari. Wakoloni walipotawala pwani yetu walikuja na mfumo ule ule, na rufaa zetu zikawa zinakwenda kwenye baraza lile lile. Mwaka 1946 mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya wakfu wa Zanzibar, iliifuata hukumu ya Abul Fata. Na mwaka 1951 kesi ya wakfu kutoka Kenya ikafika London, na majaji wakasema vile vile: hukumu ya mwaka 1894 ya Bengal inawabana na Waislamu wa Afrika Mashariki. Yaani babu zetu, ambao hawajapata kuiona Calcutta, wakapimwa kwa kesi ya ndugu wawili wa kule, na kwa kosa lile lile ambalo jaji mmoja alilionesha kwa ushahidi karibu miaka 60 nyuma. India yenyewe ilikuwa imeshajitoa. Sisi ndio tukawa tunabanwa.

Ilibidi na huku zitungwe sheria za kuusahihisha wakfu wa dhuria. Kenya inayo mpaka leo, sheria ya Makamishna wa Wakfu, na maneno yake ukiyasoma yanafanana na yale ya India ya 1913. Wakfu wa dhuria ulio sahihi kwa sharia hauvunjwi kwa sababu ya kuwapa familia kwanza. Kwa hiyo, ewe uliyekaa kwenye nyumba ya wakfu ya mababu zako, kinga uliyonayo kwenye daftari la serikali ina nasaba, na nasaba yake inapanda mpaka kwenye meza ya Ameer Ali.

Tukirudi kwake, mwaka 1904 alistaafu akahamia Uingereza. Mwaka 1909 akateuliwa kuingia kwenye baraza lile lile la London lililoikataa hoja yake, wa kwanza kutoka India kukaa pale. Alisimama katika mfuko wa kujenga msikiti London. Alianzisha jumuiya ya Hilali Nyekundu huko kusaidia majeruhi wa vita vya Tripoli na vya Balkan. Si kila alichokishika kilifanikiwa: mwaka 1923 yeye na Aga Khan waliiandikia serikali ya Uturuki barua ya kuutetea ukhalifa, barua ikachapishwa magazetini Istanbul kabla haijafika kwa wenyewe, Ankara wakakasirika, na miezi michache baadaye ukhalifa ukafutwa. Wapo wanaosema barua ile iliharakisha. Na wapo wenzake wa India waliomuona amekuwa karibu mno na Waingereza, na katika hilo siwezi kuwaambia wamekosea. Ni binadamu, hesabu yake iko kwa Mola wake.

Sasa nirudi kwako, kijana wangu uliyeniuliza.

Hadithi ya mahakimu watatu unaijua. Wawili motoni, mmoja peponi, na wa peponi ni yule aliyeijua haki akahukumu kwayo. Wewe umeisoma ukaona hatari ya ukadhi, na ni kweli ni hatari. Wema waliotangulia waliukimbia. Lakini ukisoma tena utaona kwamba mmoja wa wale wawili wa motoni ni aliyehukumu watu kwa ujinga. Basi nakuuliza: sisi tukiwazuia watoto wetu wanaoijua dini wasiingie kwenye kazi hii, kiti kitabaki kitupu? Hakibaki kitupu. Atakaa mtu, na atahukumu juu ya wakfu wako, juu ya watoto wako na mirathi ya mama yako, na hatajua.

Chukua Kenya. Mahakama ya Kadhi imo ndani ya Katiba, alhamdulillah, kwa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Lakini asiyeridhika na Kadhi anakata rufaa Mahakama Kuu. Pale Kadhi Mkuu au makadhi wawili wanakaa kama washauri, na anayetoa hukumu ni jaji. Jaji huyo akiwa hajui tofauti ya wasia na hiba, mshauri atasema mpaka sauti imkauke. Na kabla ya jaji kuna wakili, na wakili asiyejua fiqhi ataipeleka kesi ya Muislamu kwa hoja isiyo ya Muislamu, ashinde au ashindwe.

Mimi mwenyewe niliitwa miaka kadhaa nyuma na familia moja ya hapa kwetu. Walikuwa na nyumba ya wakfu, bibi yao ndiye aliyeiweka. Hati ilikuwa karatasi moja ya Kiarabu imehifadhiwa ndani ya sanduku pamoja na kanga. Mashahidi wote wamekufa. Haikuandikishwa popote. Mjukuu mmoja alikuwa amekwisha kutafuta hati nyingine na amekwisha kuuza. Mimi nikawasomea ile karatasi kwa Kiarabu, nikawafasiria vizuri, nikawaambia kwa sharia nyumba hii haiuziki. Wakalia kwa furaha. Wakaniuliza, sasa tufanye nini mahakamani? Nikakaa kimya. Nilikuwa sijui hata pa kuanzia. Madrasa nimesoma, sekondari nimemaliza, vitabu vya fiqhi ninavyo ukuta mzima, na nyumba ya bibi ilikwenda vile vile. Wale kina mama wawili waliokuwa wakiishi ndani yake, mmoja mjane, walihama kwa mkokoteni.

Hiyo ndiyo siku niliyobadilika kwenye suala hili. Kabla ya siku ile huenda na mimi ningebonyeza alama ya kukuunga mkono.

Nabii Yusuf (a.s.) aliomba mwenyewe kwa mfalme asiyekuwa wa dini yake awekwe juu ya hazina za nchi, kwa kuwa alikuwa mlinzi na mjuzi, na maulamaa wetu wamelizungumza hilo kwa urefu pamoja na masharti yake. Sharti kubwa ni kwamba aingie kwa ajili ya kuzuia dhulma na asiwe mkono wa dhulma. Siwezi kukuambia kila anayevaa lile joho jeusi anaingia kwa nia hiyo. Wengi wanaingia kwa mshahara na gari. Hata binti yetu simjui moyo wake, anaujua Allah. Lakini nilimuuliza kwa nini sheria, akaniambia anataka kuzisoma hati za wakfu. Juzuu zake anazihifadhi, Kiarabu chake kizuri kuliko cha vijana wengi wanaonipinga hapa. Nikamwambia aende, na likizo arudi kwenye darsa kama kawaida, kitabu cha mirathi hajakimaliza.

Kwa wenye wakfu za familia: Jumamosi hii baada ya Isha, inshaallah, atakuwepo msikitini wakili mmoja Muislamu aliyejitolea kuzitazama hati bila malipo. Leteni nakala tu, hati yenyewe iacheni nyumbani. Andikeni pembeni jina la aliyeweka, walengwa aliowataja, na kama yupo shahidi yeyote aliye hai andikeni na jina lake. Kina mama mna nafasi yenu ghorofani, na atakuwepo mtu wa kuwasaidia kuandika. Ambaye hati yake ni ya Kiarabu aje kwangu baada ya Maghrib niifasiri kwanza.

Wallahu aalam. Wassalaam alaykum warahmatullah.